Kengele ya Kitanda cha Sita

Hadithi nyingine huitwa ndipo zije. Hii haikuitwa na mtu. Inakuja yenyewe kila siku wakati wa alasiri, nami nimeona heri niiandike kabla haijaingia ndani kwangu ikaketi. Imetokea katika nchi yetu, ambayo sina haja ya kuitaja jina kwa kuwa mnaijua, na kama hamuijui basi hongereni.

Katika nchi yetu madaktari hawakosei. Silisemi hili kwa kujipendekeza. Ni sheria, na Bunge liliipitisha kwa makofi. Mgonjwa ndiye anayeweza kukosea. Anaweza kuja amechelewa, au kuja na ugonjwa ambao dawa yake imekwisha, au kufa siku ya sikukuu wakati watu wamepumzika. Lakini daktari hakosei, na Hospitali Kuu ya Taifa ndiyo kabisa. Kwa hiyo mgonjwa akifia mikononi mwake, Hospitali haimwekei kinyongo. Inamsamehe.

Msamaha huletwa makaburini na Mpeleka Msamaha wa Serikali, Bwana Kihimbwa, mtu mrefu mwenye suti nyeusi na sauti laini. Udongo ukishasawazishwa, yeye husogea mbele, huinamisha kichwa na kusema kwamba Hospitali Kuu imemsamehe marehemu kwa usumbufu wote alioleta. Nasi ni watu tuliolelewa na mama zetu. Hatuwezi kumwacha mgeni kasimama kaburini na maneno yake hayana wa kuyapokea. Basi tunaitikia kwa pamoja, "Tumepokea," kisha tunamkaribisha kahawa. Walioandika sheria walitujua vizuri, maana waliongeza kifungu kimoja kifupi: aliyepokea msamaha amekiri kosa, na mwenye kosa hana kesi.

Mimi mwenyewe nilipokea, siku tuliyomzika mke wangu Chausiku, aliyefia kitanda cha pili katika wodi ya wazazi. Bwana Kihimbwa alinisamehe mara mbili, mara moja kwa ajili yake na mara moja kwa ajili ya mtoto aliyekuwa tumboni. Mtoto alikuwa hajafanya lolote, lakini Hospitali yetu haibagui. Ulikuwa msamaha mzuri, na watu wakanipa mkono.

Wengine husamehewa wakiwa hai. Makame seremala, wa mtaa wa pili, alipelekwa mguu wa kushoto umeoza, wakamkata wa kulia. Hospitali ilimsamehe kwa kuwa na miguu inayofanana mno, kisha ikamkata na ule wa kushoto, kwani ndio hasa uliokuwa mbovu. Alipokea. Angefanyaje, na mgeni kaja na suti?

*

Siwatu Makungu ni wakili. Ofisi yake iko juu ya duka la magodoro, na kazi yake ni kuwadai fidia hao wasiokosea. Ukipita pale asubuhi utawaona wateja wake wakipanda ngazi: wa magongo, wa kubebwa mgongoni, na yule mama aliyeshonwa tumbo na kitambaa cha daktari kikabaki ndani. Wenye busara walimshauri mara nyingi ahamie kesi za viwanja, maana kiwanja hakilii. Yeye huwashukuru, na kesho yake unamkuta juu ya ngazi amemshika mkono mteja mwingine.

Namjua kwa sababu mahakamani kuna feni na nyumbani kwangu hakuna, kwa hiyo nimehudhuria kesi zake karibu zote. Alishindwa zote. Kushindwa kwenyewe kulikuwa kwa namna moja tu: Wakili wa Serikali, Bwana Ruhinda, alisimama akauliza kama wafiwa walisema "Tumepokea," wafiwa wakatazama miguu yao, na jaji akafunga jalada. Ili ashinde, ilimpasa Siwatu awafikie wafiwa kabla ya Bwana Kihimbwa. Lakini Bwana Kihimbwa alipewa habari za misiba kabla ya wenye misiba. Siku moja alifika mgonjwa bado anakunywa uji. Akaketi pembeni kwa adabu, akasubiri.

*

Sasa niwaeleze habari ya Mashavu, na mniwie radhi nikisita.

Hospitali Kuu ilikuwa imeshinda Tuzo ya Utulivu. Tuzo hiyo hupewa hospitali isiyo na kelele, na mwaka ule wakaguzi walihesabu kelele za kila aina. Ikaonekana kwamba kelele iliyozidi ilitoka wodi ya wazazi. Pale kila kitanda kina kitufe, na mgonjwa akikibonyeza, kengele hulia katika chumba cha wauguzi na kitaa chenye namba ya kitanda chake huwaka. Mkurugenzi alilitafakari jambo hilo kwa kina, akaamuru nyaya zikatwe. Vitufe vikaachwa ili wagonjwa wasijisikie vibaya. Toka siku hiyo hakukuwa na kelele, na tuzo ikaja na cherehani ya dhahabu, sijui kwa nini cherehani.

Mashavu alilazwa kitanda cha sita, mimba yake ya kwanza. Siku hiyo Waziri alitazamiwa kutembelea, kwa hiyo alasiri wauguzi, wakunga na madaktari wote waliitwa uwanjani kufanya mazoezi ya wimbo wa mapokezi, unaosema "Hospitali Yetu Hailali." Mama yake Mashavu, Bi Mwanamvua, alikuwa nje ya geti na chupa ya chai, kwa kuwa haukuwa wakati wa kuona wagonjwa. Aliusikia wimbo wote. Aliniambia baadaye kwamba waliimba vizuri, hasa sauti ya pili.

Geti lilipofunguliwa akaenda moja kwa moja kitanda cha sita. Mashavu alikuwa amekwisha kufa. Kidole gumba chake kilikuwa bado juu ya kitufe, kimekibonyeza mpaka ukucha umekuwa mweupe, na ilibidi mama yake avifungue vidole vyake kimoja kimoja. Mtoto walimtoa baadaye. Alikuwa hai, lakini alikuwa amekosa hewa kwa muda mrefu. Hakulia. Hospitali ilimpa cheti cha Mtoto Mtulivu Kuliko Wote.

Bibi yake akamwita Hidaya.

*

Katika dini ya watu wa mtaa ule wanawake hawaendi makaburini. Jambo dogo hilo ndilo lililoishinda Serikali. Bwana Kihimbwa alitoa msamaha wake kaburini kama kawaida, wanaume wakaitikia "Tumepokea," kahawa ikanywewa. Siwatu akafika nyumbani jioni ya matanga, akamkuta Bi Mwanamvua mkekani na mtoto mapajani, akamuuliza swali moja tu: yeye amepokea?

Bi Mwanamvua akasema hajaletewa kitu.

Habari hiyo ilipofika Wizarani watu walishindwa kula. Haijawahi kutokea katika historia ya taifa mzazi wa marehemu akasema hajapokea. Bwana Kihimbwa akatumwa mbio nyumbani, na mimi nilikuwapo kwa kuwa tanga halijaanuliwa. Alisimama mlangoni, akainamisha kichwa, akasema maneno yake kwa ile sauti laini. Bi Mwanamvua alikuwa akimkanda Hidaya kwa mafuta ya nazi. Watoto wenzake hukazana na kujinyonga wakikandwa. Huyu alilala tu, shingo imelegea, macho yametazama dari. Bibi alimaliza mguu mmoja, akaanza wa pili. Tuliokuwa mkekani tulikuwa tumeshafungua midomo kuitikia, na nina hakika mimi nilikuwa wa kwanza. Akatunyamazisha kwa mkono wenye mafuta.

"Mwanangu aliita, hamkuja," alimwambia Bwana Kihimbwa. "Leo sikukuita, umekuja. Rudi na msamaha wako, baba. Sijaupokea."

Sijapata kuona mtu aliyebaki na msamaha mkononi. Alisimama pale mlangoni mpaka kahawa ikapoa, halafu akaondoka akitazama nyuma.

Ofisini, juu ya magodoro, Siwatu alimweleza Bi Mwanamvua mambo yalivyo, bila kumficha. Akipokea, Hidaya kisheria ni mtoto mzima asiye na kasoro, ana cheti, na hakuna hospitali wala shule itakayomtazama. Asipopokea na wakashinda, Hospitali italazimishwa kumtunza maisha yake yote. Na kushinda, akamwambia, yeye hajawahi. Bi Mwanamvua akafikiri kidogo. Akasema hana la kuogopa ila moja: mtoto hawezi kujigeuza, na asipogeuzwa huota vidonda. "Mimi jua langu limekuchwa," alisema. "Nikienda, nani atamgeuza ubavu?"

Siwatu alilia, na sioni aibu kulisema. Kisha akafungua kesi.

*

Siku kesi ilipofunguliwa, alasiri, kengele ya wodi ya wazazi ililia.

Wauguzi walitazama ukutani wakaona kitaa cha namba sita kinawaka. Kitanda cha sita kilikuwa kitupu. Fundi aliitwa, akaonyesha nyaya zilizokatwa, akaapa kwamba kitu hicho hakiwezi kulia, huku akipaza sauti ili asikike. Ilipofika magharibi ikanyamaza. Kesho yake alasiri ikaanza tena.

Wakaing'oa, wakaitia stoo, ikalia stoo. Wakaizika uani nyuma ya jiko. Ikalia ardhini, na wapishi wakakataa kukanyaga pale. Mwishowe Mkurugenzi akaitia ndani ya gunia, akaitupa shimo la taka nje ya mji, akarudi nyumbani kwake kula. Alipoketi akaisikia chini ya meza. Baada ya hapo ilikuwa kila mahali: Wizarani, Bungeni, ndani ya gari la Waziri, ndani ya mto wa kulalia wa Waziri. Haikuwa kali. Ililia kwa upole, kama mtu asiyependa kusumbua, na hilo ndilo lililowatia watu baridi.

Waziri akahutubia taifa. Alisema kinachosikika si kengele bali ni mwangwi wa maendeleo, na kwamba nchi jirani hazina mwangwi kama huu. Akaagiza pamba igawiwe kwa viongozi wote wazibe masikio. Pamba ya Hospitali ikaisha siku hiyo hiyo, na wagonjwa wakafungwa vidonda kwa magazeti yenye hotuba ya Waziri.

Pamba haikusaidia. Ndipo Bwana Ruhinda, ambaye ni mwanasheria hodari, akagundua hatari kubwa zaidi. Mtu akiita na mwingine akaitika, alisema, kisheria aliyeitika amekiri kwamba ameitwa. Siku moja mwuguzi mjinga atasikia kengele, atasema "Abee," na Serikali itakuwa imekwisha. Ikatolewa Amri ya Kutoitika: kuanzia alasiri hadi magharibi, ni marufuku kwa raia yeyote kumwitika mtu yeyote, kwa sababu yoyote.

Tuliitii, kwa kuwa sisi ni watu wa kutii. Mama waliita watoto waje kula, na watoto wakasimama uani kimya, machozi yanawatoka kwa njaa. Mzee mmoja alitumbukia kwenye karo la maji machafu karibu na soko, akaita mpaka sauti ikakauka. Majirani walimsikia vizuri sana. Bwana Kihimbwa alimsamehe siku ya pili. Wazee wanasema usikatae wito, kataa neno, lakini wazee hawakuwa na Tuzo ya Utulivu.

Mimi nilikuwa sihitaji kusumbuka na amri hiyo. Ninaishi peke yangu, hakuna wa kuniita.

*

Kesi ilisikilizwa na Jaji Kidunda, mzee mnene wa miwani, mtu wa heshima zake, ambaye hajawahi kuiudhi Serikali hata kwa kukohoa. Mahakama ilijaa. Bi Mwanamvua alipanda kizimbani na Hidaya mgongoni, akaeleza habari ya geti, ya wimbo na ya vidole. Hakupaza sauti. Alipofika kwenye vidole, karani aliacha kuandika.

Bwana Ruhinda alimpa pole kwanza, kisha akaeleza hoja yake, nami nakiri ilikuwa hoja safi. Nyaya zilikatwa. Kengele isiyo na waya hailii. Kama kengele haikulia, basi marehemu hakuita. Na asiyeita hawezi kulalamika kwamba hakuna aliyekuja. Akageuka akatupungia mkono kidogo, tukapiga makofi.

Siwatu akasimama. Aliuliza, kama kengele hailii, viongozi wameziba masikio kwa ajili ya nini?

Alikuwa hajaketi kengele ilipoanza. Ilitoka, naapa, juu ya kichwa cha jaji, hapo kwenye nembo ya taifa. Jaji Kidunda akashika ukingo wa meza. Bwana Ruhinda akakumbusha upesi, kwa sauti ya juu, kwamba mahakama ikiisikia kengele itakuwa imepokea ushahidi. Jaji akaamuru iandikwe kwamba mahakama haisikii chochote. Karani hakumsikia, akaomba arudie. Jaji akarudia kwa kupiga kelele, mishipa ya shingo imemtoka, kwamba mahakama hii haisikii chochote. Kisha akatuuliza sisi wasikilizaji kama kuna anayesikia kitu. Tukajibu kwa pamoja kwamba hakuna, na kila mmoja wetu alilazimika kumkaribia mwenzake sikioni ili ajue amejibu nini.

Akavaa miwani kusoma hukumu. Siwatu alikuwa amekaa, mikono imelala mezani, hana alilobakiza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayerudi tena kwenye zile ngazi. Jaji akasema shauri hili, kwa kuwa hakuna aliyeita, linatupiliwa mbali pamoja na—

"Mwanangu," akaita Bi Mwanamvua.

Hakuita kwa hasira. Aliita kama mama aliyeko jikoni anavyomwita mtoto aliyeko barazani, akijua atakuja.

"Naam, mama," akaitika Jaji Kidunda.

Yalimtoka tu. Yalimtoka kama "Tumepokea" ilivyotutoka sisi miaka yote ile makaburini, kwa malezi, kabla akili haijafika. Na kengele ikanyamaza papo hapo. Hapo ndipo kila mtu alipotambua kwamba mwenzake alikuwa akiisikia, maana sote tuliinua vichwa kwa pamoja kuusikiliza ukimya.

Bwana Ruhinda alidakia kwamba jaji amemwitika bibi kizee, hakuitikia kengele. Siwatu alisimama polepole. Alimwomba karani asome alichoandika, na karani, ambaye hakufundishwa kuandika kingine ila kilichosemwa, akasoma: "Mahakama: Naam, mama." Siwatu akauliza sasa ni wakati gani. Jua lilikuwa dirishani na kila mtu aliliona. Ilikuwa alasiri. Kwa sheria ya Serikali yenyewe, alisema Siwatu, wakati huu anayeitika amekiri kwamba ameitwa, na aliyeita yumo ndani ya shauri hili.

Jaji Kidunda alivua miwani, akamgeukia Bi Mwanamvua.

"Unasemaje, mama?" alimwuliza.

"Mtoto huyu," akasema Bi Mwanamvua. "Nikienda, nani atamgeuza ubavu?"

Jaji hakutumia maneno makubwa, kama majaji wanavyopenda. Akasema kwamba Hospitali itamgeuza. Itamgeuza asubuhi, mchana na usiku, maisha yake yote, na mwuguzi wake haondoki kitandani hata waje mawaziri wote. Akagonga meza, akainuka, akaenda zake bila kungoja tusimame.

*

Mambo mengine mnaweza kuyakisia. Jaji Kidunda alistaafishwa kwa ugonjwa wa masikio. Hidaya amelazwa kitanda cha sita, na Waziri alikwenda kukata utepe akieleza kwamba mpango huu ulikuwa wa Serikali toka mwanzo. Wimbo uliimbwa, lakini mwuguzi mmoja hakwenda kuimba. Alibaki amemshika mtoto begani, anamgeuza. Bi Mwanamvua huja na chupa yake ya chai, na geti hufunguliwa wakati wowote. Siwatu bado yuko juu ya magodoro. Ngazi zake sasa zimejaa mpaka barabarani.

Nilidhani hadithi imeishia hapo, na ninyi mngependa iishie hapo. Kitaa cha namba sita hakijawaka tena. Lakini juzi, alasiri, nikiwa nyumbani kwangu kusiko na feni, nilisikia kengele ikilia. Nilizima redio, ikalia. Nilijifunika shuka, ikalia ndani ya shuka, kwa upole, kama mtu asiyependa kusumbua. Mimi ni raia mwema na amri bado haijafutwa, kwa hiyo nilivaa kanzu nikatoka tu kunyoosha miguu, na miguu ikanipeleka Hospitali Kuu.

Pale ukutani kilikuwa kinawaka kitaa cha namba mbili.

Wauguzi walinipisha. Kitanda cha pili kilikuwa kitupu, kimetandikwa vizuri, kitufe kinaning'inia. Bwana Kihimbwa alikuwa amesimama mlangoni na suti yake, sijui alipataje habari. Akafungua mdomo, nikamnyamazisha kwa mkono, kama nilivyoona Bi Mwanamvua akifanya.

Nikainama juu ya mto. "Naam, Chausiku," nikasema. "Nimekuja."

Kengele ikanyamaza. Nikavuta kiti, nikaketi, nikamwacha aseme.